Kiwanda Kihesabiwe kwa Siku za Kazi, Si kwa Mabati

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Jumamosi iliyopita nilikuwa kituo cha mabasi cha Mbezi, hapa Dar es Salaam, nikimsindikiza ndugu yangu aliyekuwa anakwenda Masasi. Basi lilikuwa bado halijajaa. Akaja kijana mmoja na boksi kifuani, limepangwa vipakiti vya korosho.

"Shikamoo mzee. Korosho za Mtwara hizi, nzima nzima, hakuna vipande."

Nikamwitikia, nikanunua vipakiti viwili, kimoja cha msafiri na kimoja changu. Nikamwuliza kwao ni wapi, akasema Newala. Nikamtania: "Sasa mwanangu, korosho zinaota kwenu, nawe umezifuata mjini?" Hakucheka. Alisema:

"Mzee, mama yangu alikuwa anabangua kiwandani. Walimchukua mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa tatu wakaambiwa korosho zimekwisha, warudi nyumbani mpaka msimu mwingine. Nyumbani mimi ndiye mkubwa. Nikapanda basi."

Akaongeza kwamba siku kiwanda hicho kilipofunguliwa yeye alikuwa darasa la sita. Wanafunzi walipangwa barabarani, ngoma zikachezwa, utepe ukakatwa, na ikatajwa hesabu ya watu watakaopata kazi. Kiwanda chenyewe sitakitaja jina, kwa kuwa sikwenda kukiona, na kwa kuwa hadithi yake ni ya viwanda vingi.

Leo basi nataka tuzungumze juu ya kazi. Si kazi ilimradi kazi, bali kazi nzuri, ile inayoweza kumfanya kijana abaki kwao na mkoa wake ukapanda kiuchumi. Na nitatumia mfano huu mmoja wa korosho, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu tunachobishania tunaposema maneno "ajira" na "viwanda".

Kwanza tuelewane kazi nzuri ni ipi. Mimi naitambua kwa mambo matatu. La kwanza, malipo yanayojulikana na yanayotosha kula na kubakiza. La pili, siku: kazi ya miezi minne kwa mwaka si ajira, ni kibarua, hata kama malipo ya siku ni mazuri. La tatu, mwili wa mtu urudi nyumbani mzima kama ulivyotoka. Ukikosa moja kati ya hayo matatu, kazi inachechemea.

Sasa twende ndani ya kiwanda. Ninyi mnaonunua korosho mjini mnaziona zikiwa nyeupe, tayari kutafunwa. Korosho ghafi inatoka shambani na ganda gumu la kijivu. Ndani ya ganda lile mna mafuta makali yanayounguza ngozi. Ukiyashika kwa mikono mitupu utabambuka. Kwa hiyo kiwandani korosho kwanza hupitishwa kwenye mvuke au kukaangwa ili ganda lilainike. Halafu hubanguliwa, moja moja, kwa mashine ya mkono na mguu, au kwa mashine kubwa inayojiendesha. Kisha hukaushwa, humenywa ile ngozi nyembamba ya ndani, huchambuliwa kwa ukubwa na rangi, na kufungwa kwenye makopo au mifuko isiyoingiza hewa.

Katika kilo nne na nusu hivi za korosho ghafi unapata kilo moja ya korosho safi, ikiwa mzigo ni mzuri. Na bei haiko sawa. Korosho nzima ni bei moja, iliyovunjika ni bei nyingine, ya chini. Ndiyo maana mkono wa mbanguaji ni mali. Mama mwenye mkono mwepesi na makini anamwingizia mwenye kiwanda faida ambayo mashine mbovu humpotezea. Na wengi wa wanaofanya kazi hiyo, hapa kwetu, Msumbiji na India, ni wanawake, na mara nyingi hulipwa kwa kilo.

Hatua zote hizo, toka mvuke mpaka kopo, ni ajira. Tukisafirisha korosho ghafi tunapakia melini pamoja nazo kazi ya kubangua, ya kumenya, ya kuchambua na ya kufungasha. Hata mafuta ya ganda huenda bure, nayo hutumika viwandani kutengenezea rangi na vifaa vya breki za magari. Hilo watu wengi wanalijua, na kila mwanasiasa amekwisha kulisema. Swali gumu ni jingine: kama tunajua hivyo, kwa nini viwanda vinafunguliwa na kufungwa?

Hapana budi turudi nyuma kidogo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho ghafi, na tulikuwa miongoni mwa wakulima wakubwa wa zao hilo duniani. Serikali ikaona, kwa haki kabisa, kwamba haifai kuendelea kuzipeleka India zikabanguliwe huko. Kwa mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda, kimoja baada ya kingine, mpaka vikafika kumi na viwili: Dar es Salaam, Kibaha, Lindi, Mtama, Nachingwea, Mtwara, Newala, Masasi, Tunduru. Mashine zilitoka Italia na Japani. Vyote kwa pamoja viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka.

Lakini wakati majengo yanapanda, korosho zilikuwa zinashuka. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini katika miaka ya 1973 hadi 1976, na wengi waliiacha mikorosho yao mbali. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Halafu ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ule unaofanya maua ya mkorosho yaonekane kama yamemwagiwa unga, na ua lililopigwa na ubwiriunga halizai. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Hesabu ni rahisi: viwanda vya tani 100,000, korosho za tani 20,000. Vingi havikuwahi kufanya kazi kwa uwezo wake hata mwaka mmoja. Baadaye viliuzwa kwa watu binafsi, na vingine vikageuzwa kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Hapo tulikuwa na jengo bila korosho. Siku hizi mambo yamegeuka. Kazi ya watafiti wa Naliendele, dawa ya salfa na viuatilifu vingine, miche bora, na bei iliyopanda, vimeirudisha mikorosho. Msimu wa 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 300,000. Msimu wa 2024/25, kwa takwimu za serikali, tulipita tani 500,000. Sasa korosho zipo, tena nyingi kuliko wakati wowote. Hata hivyo sehemu kubwa mno bado inaondoka ikiwa na maganda yake. Kwa nini?

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo. Mkorosho hauzai mwaka mzima. Kwetu msimu unaanza Oktoba na kwisha Januari au Februari. Mwenye kiwanda anayetaka watu wake wafanye kazi miezi kumi na miwili, inampasa anunue korosho za mwaka mzima ndani ya miezi mitatu au minne, tena kwa fedha taslimu, mnadani, akishindana na wanunuzi kutoka nje.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kiwanda kinabangua tani 5,000 kwa mwaka na kimeajiri watu 500. Tuseme bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo. Huyo bwana anahitaji shilingi bilioni 15 kabla hajabangua hata korosho moja. Akikopa benki kwa riba ya asilimia 15, na akawa analipa deni kidogo kidogo kadiri mzigo unavyopungua ghalani, kwa wastani atakuwa anadaiwa bilioni 7 na nusu mwaka mzima. Riba yake ni shilingi bilioni 1 na milioni 125.

Gawanya riba hiyo kwa wafanyakazi 500. Unapata shilingi 187,500 kwa kila mmoja, kila mwezi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 150,000 kwa mwezi katika viwanda na biashara. Kwa maneno mengine, katika mfano wetu huu, riba ya kutunza korosho ghalani inaweza kuzidi kima hicho cha mfanyakazi anayezibangua. Mwenye kiwanda akiona hivyo hufanya nini? Hununua korosho za miezi minne, anabangua, anafunga mlango. Na mama wa yule kijana wa Mbezi anarudi nyumbani mwezi wa tatu.

Mtu atasema: mbona Wahindi na Wavietnam wanaweza? Wanaweza kwa sababu hawategemei msimu mmoja. Korosho za Afrika Mashariki huwafikia mwisho wa mwaka na mwanzoni mwa mwaka. Za Afrika Magharibi huvunwa kuanzia Februari hadi Juni hivi. Wao wana zao wenyewe, na wengine wananunua kwa jirani. Kwa hiyo ghala halilali tupu na hawalazimiki kununua mzigo wa mwaka kwa mkupuo mmoja. Tena benki zao zimezoea biashara hiyo. Vietnam ilianza nyuma ya India, lakini ilitia mashine, ikanunua korosho za wengine, na mwaka 2006 ikaipita India kwa kuuza korosho zilizobanguliwa nje. Korosho nyingi inazobangua hazikuota kwake.

Lakini tusiione India kama pepo. Mji wa Kollam, katika jimbo la Kerala, umejulikana kwa muda mrefu kama mji mkuu wa korosho. Kizazi baada ya kizazi, wanawake wa Kollam wamebangua korosho zilizotoka kwetu. Serikali ya jimbo ilianzisha shirika lake la korosho mwaka 1969, na wafanyakazi, kwa kupigania haki zao katika vyama, wakapata kima cha chini cha mshahara na akiba ya uzeeni. Hiyo ilikuwa kazi nzuri. Katikati ya miaka ya 2010, hata hivyo, viwanda vingi vya watu binafsi mjini humo vilifungwa. Wenye viwanda walilaumu mshahara uliopandishwa, bei ya korosho ghafi, na ushindani wa mashine za Vietnam. Mimi nachukua funzo hili: mshahara mzuri unadumu pale tu ambapo kiwanda kinaongeza tija mwaka hadi mwaka. Mshahara usipandishwe kwa tamko peke yake, na wala usibanwe chini kwa kisingizio cha ushindani, huku mashine ni zile zile za babu.

Sasa wapo wanaosema dawa ni nyepesi: pigeni marufuku korosho ghafi kutoka nje ya nchi. Nawaelewa, lakini nawaomba watazame ng'ambo ya Ruvuma.

Msumbiji ililinda viwanda vyake kwa kodi ya korosho ghafi zinazosafirishwa. Mwaka 1995, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ikaanza kuipunguza. Nadharia ilikuwa kwamba mkulima atapata bei nzuri zaidi. Kufikia 2001 viwanda vikubwa vilikuwa vimefungwa, na wengi wa wafanyakazi wapatao 10,000 walikuwa mitaani. Je, mkulima alinufaika? Wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch waliifanyia hesabu sera hiyo. Walikadiria kwamba nyongeza aliyoipata mkulima ilikuwa kama dola 5 na senti 30 kwa kaya, kwa mwaka mzima. Sehemu nzuri ya faida iliishia kwa wafanyabiashara wa kati.

Ukiishia hapo utasema: basi, marufuku ingefaa. Lakini kodi ile nayo ilikuwa na kosa lake, maana ilimfanya mkulima alipe kwa bei ndogo ili viwanda visivyo na tija viendelee kuishi. Mkulima anayelipwa kidogo haoni sababu ya kupalilia mikorosho wala kupiga dawa, na sisi tuliliona hilo hilo katika miaka ya 1970. Kiwanda kinachomnyonya mkulima kinakata tawi kilichokalia.

Msumbiji haikufa moyo. Sheria ya 1999 iliweka tena kodi ya kati ya asilimia 18 na 22 kwa korosho ghafi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikaanza viwanda vidogo katika jimbo la Nampula, vikiwa karibu na wakulima, vikitumia mvuke na mashine za mkono badala ya mitambo mikubwa iliyokuwa ikivunja korosho. Havikuwa na majengo ya kujivunia, lakini vilitoa korosho nzima, na watu walirudi kazini.

Ivory Coast, ambayo leo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuvuna korosho, imechukua njia nyingine. Inamlipa mbanguaji wa ndani ruzuku kwa kila kilo ya korosho safi anayoisafirisha. Anayelipwa ni yule ambaye kazi imekwisha kufanyika mikononi mwake.

Ndugu wasikilizaji, mimi si waziri wala mwenye benki. Lakini kutokana na hayo, naona mambo manne ambayo tungeweza kuyafanya kwa korosho, na kwa mazao mengine pia.

Kwanza, tutatue tatizo la fedha za msimu kabla ya kukata utepe mwingine. Tangu msimu wa 2007/08 tuna mfumo wa stakabadhi ghalani. Korosho iliyopimwa, ikapangwa daraja na kufungiwa ghalani ni dhamana nzuri kuliko nyumba, kwa kuwa inauzika duniani kote. Benki ikiishika stakabadhi ile, na kumruhusu mbanguaji achukue mzigo kidogo kidogo kadiri anavyolipa, hatari yake ni ndogo, na riba nayo inapaswa kuwa ndogo.

Pili, mbanguaji wa ndani apewe nafasi ya kwanza kununua, lakini kwa bei ya mnada, si kwa bei ya kumwonea mkulima. Na anayepewa nafasi hiyo abangue kweli. Akikutwa ameziuza ghafi, anyang'anywe nafasi, maana huyo naye ni kangomba aliyevaa tai. Kangomba, kwa wasiojua, ni yule mlanguzi anayenunua korosho kijijini kwa magendo na kwa bei ya kutupa, mara nyingine zikiwa bado mtini, kwa sababu mkulima ana njaa au mtoto anatakiwa shuleni.

Tatu, msaada wowote wa serikali kwa kiwanda, uwe msamaha wa kodi au ruzuku, ufungwe na siku za kazi na mshahara. Ganda na moto wake tusilisahau: mbanguaji apewe glavu na mafuta ya kujipaka, na kiwanda kisichotoa vitu hivyo kisiitwe mfano wa kuigwa.

Nne, tusidharau kidogo. Kikundi cha akina mama ishirini wenye mashine za mkono, wakiwa na korosho za mwaka mzima, kinatoa kazi nyingi kuliko kiwanda kikubwa kilichofungwa kwa kufuli. Haba na haba hujaza kibaba.

Nasi wa mjini tumo. Tunanunua korosho kidogo, kama zawadi ya safari au ya kupokea wageni, kisha tunalalamika kwamba ni ghali. Soko la nyumbani likiwa kubwa, mbanguaji mdogo hahitaji kungoja mnunuzi wa Ulaya na masharti yake. Hata zile korosho vipande, ambazo ng'ambo zinashuka bei, ni tamu vile vile kwenye wali na kwenye mchuzi.

Nimalizie na alipoanzia kijana wetu. Siku kiwanda cha kwao kilipofunguliwa, hotuba ilitaja watu watakaoajiriwa. Haikutaja siku watakazofanya kazi. Mimi ningependa siku nyingine kiongozi akisimama jukwaani kutuambia kwamba kiwanda kipya kimefunguliwa, waandishi wa habari wamwulize maswali mawili tu: "Mheshimiwa, korosho za mwezi wa saba ziko wapi? Na nani amezilipia?" Akiwa na jibu, tupige makofi. Akiwa hana, ngoma zisubiri.

Na mwaka ukiisha, Mtwara na Lindi wasituletee hesabu ya majengo. Watuletee daftari: watu wangapi, siku ngapi, mshahara kiasi gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nazo ni mali. Zilipotea bila habari kule Newala, na habari yake mimi niliipata kituo cha mabasi, kwenye boksi la kijana.

Kwaherini, tukutane wiki ijayo.